Uhakiki wa Kiko Kikuukuu

Katika rafu ya chini ya kabati langu la vitabu pana viko kumi na vinne. Mgeni aingiapo sebuleni huviona kabla ya vitabu, na swali lake huwa ni lile lile: "Mwalimu, si ulikwisha kuacha kuvuta?" Naam, niliacha. Niliacha mwaka 1993, baada ya daktari kunisikiliza kifua na kunitazama usoni kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Viko hivi sikuvinunua ili nivivute. Nilivinunua vikiwa vikuukuu na vichafu, vingine midomo imeliwa na meno, vingine vimechezewa na watoto hata bori limejaa udongo, nikakaa navyo barazani nikivisafisha kimoja kimoja. Ni burudani ya mstaafu. Wenzangu wengine wanafuga nyuki, wengine wanagombea udiwani.

Huku kwetu Kimwani kiko kikuukuu hakipatikani kwa kutafutwa. Hujitokeza chenyewe, na mara nyingi hujitokeza baada ya msiba. Matanga yakiisha, wana wakigawana makoti, baiskeli na saa ya marehemu, kiko hubaki chini ya sanduku, kwa sababu hakuna ajuaye thamani yake na hakuna athubutuye kukitupa. Kimoja nilikinunua gulioni, kimelala kati ya kufuli zisizo na funguo na miwani isiyo na vioo. Kingine nilikipata Bukoba mjini kwa muuza mitumba, aliyekikuta ndani ya mfuko wa koti la Ulaya, akaniuzia kwa bei ya mkungu mdogo wa ndizi huku akinitazama kwa huruma. Kununua si kazi. Kazi iko baadaye.

Na hiyo kazi ya baadaye ndiyo ninayotaka kuizungumzia, kwa kuwa nimefika mahali pa kuamini kwamba kusafisha kitu kilichotumiwa na mtu mwingine ni namna ya uhakiki. Sisemi hivyo kwa mzaha. Chuoni nilikofunzwa ualimu tulifundishwa kuitazama kazi ya fasihi kwa kuigawa katika fani na maudhui, nami nikawafundisha wengine vivyo hivyo kwa miaka mingi, hadi wanafunzi wakaukariri mgawanyo ule kama sala. Mmoja aliwahi kuniuliza iwapo barua ya kuomba mkopo wa mbolea nayo ina maudhui. Nilimwambia inayo, tena mazito. Basi mtu aliyeshika msasa kwa mkono mmoja na kiko kikuukuu kwa mkono mwingine hana budi kujibu maswali ya mhakiki: kipi hapa ni cha fundi aliyekitengeneza? Kipi ni cha mtu aliyekitumia? Na kipi ni uchafu tu? Tofauti ni kwamba mhakiki wa kitabu akikosea, kitabu kinabaki pale pale kikimngoja mhakiki mwingine. Huyu wa kiko akikosea, amekwisha kufuta.

Nianze na fani, kama ilivyo desturi. Kiko cha siku hizi kina sehemu tatu: bori, ambamo tumbaku hutiwa, shina, linalotoka ubavuni mwa bori, na mdomo, unaochomekwa katika shina na kushikwa kwa meno. Wazee wa pwani walikuwa na kiko kilichozidi hapo, kile cha maji, na kila sehemu yake waliipa jina ambalo kijana wa leo hulijulia kwenye kamusi tu: bori la kutilia tumbaku, digali la kuupeleka moshi majini, kiko chenyewe, ambacho kilikuwa kifuu cha nazi au kibuyu chenye maji, na mdakale wa kuvutia. Hata ule mlio wa maji moshi unapopita ulikuwa na jina lake, malio. Watu waliokuwa na neno la sauti ya kiko hawakuwa wageni wa tumbaku.

Wala sisi wa bara hatukungoja kufundishwa. Novemba 1861 John Hanning Speke alipofika Karagwe na kupokewa na Mukama Rumanika pamoja na nduguye Nnanaji, aliandika kwamba kando yao palikuwa na viko vikubwa vya udongo mweusi. Alieleza pia mavazi na mapambo yao, lakini kila ninaposoma ukurasa ule macho yangu hubaki kwenye viko. Viko vya udongo nilivikuta bado vinatumika utotoni mwangu, na waliovitumia zaidi hawakuwa wafalme. Walikuwa bibi zetu. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na kimoja chenye mrija mrefu wa mti. Kilipoziba kwa masizi aliuchomoa mrija, akalifukia bori katika makaa ya jikoni usiku kucha, na asubuhi akalitoa limepoteza weusi wake, kavu na jepesi, akaanza upya. Bori likivunjika alinunua jingine. Mrija alikuwa nao ule ule miaka yote, na hakuna aliyeruhusiwa kuushika. Ukiunusa ulimnusa bibi.

Sasa nije kwenye kiko ninachotaka kukihakiki hasa, nacho ni cha hapa nchini. Wavutaji wa Ulaya na Marekani wanaijua chapa iitwayo Kiko, wengi wao bila kujua kwamba wanatamka Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kampuni ya Tanganyika Meerschaum Corporation ya Arusha. Jiwe lililotumika lilichimbwa katika bonde la Amboseli, upande wa Sinya, karibu na mpaka wetu na Kenya, mahali ambapo Kilimanjaro unaonekana wote. Mershamu ni neno la Kijerumani, maana yake povu la bahari. Wanajiolojia huliita jiwe hilo sepioliti. Ni jepesi, na lina vitundu visivyoonekana kwa macho vinavyofyonza unyevu na mafuta ya tumbaku, ndiyo maana moshi wake huja mkavu na bori haliunguzi mkono. Likilowa hulainika kiasi cha kuchongwa kwa kisu. Likikauka hukaza. Naomba msomaji aziweke akilini sentensi hizo mbili fupi, kwa sababu zitanishitaki huko mbele.

Jiwe linalosifiwa zaidi duniani hutoka Eskişehir, Uturuki, na wajuzi wa mambo haya husema kwamba la kwetu ni zito zaidi, lina ukijivu, na halibadiliki rangi kwa uzuri ule ule kadiri linavyovutiwa. Yawezekana. Lakini tazama yanavyotumiwa. Jiwe la Uturuki huchongwa vichwa vya masultani, wenye vilemba na ndevu zilizokunjwa unywele kwa unywele, na mvutaji hukaa na mzee wa watu mbele ya pua yake kama vile anamtafuna. Ni ufundi mkubwa, nakubali, ila ni ufundi unaokuambia kila dakika kwamba ni mkubwa. Katika kiko changu cha Arusha jiwe limefichwa ndani ya mbao, kama bitana ndani ya koti, na huwezi kulijua mpaka uchungulie. Bori limesimama wima. Shina limenyooka. Mdomo ni wa eboniti, yaani mpira uliopikwa pamoja na salfa hata ukawa mgumu na mweusi kama pembe, nao una alama ndogo ya tembo. Kiko chenye bitana ya jiwe hakina budi kuwa kinene, kwa kuwa kina kuta mbili, na mtu aliyezoea viko vyembamba vya London atakiona kizito mdomoni. Mimi nakiona kimetulia. Kinakaa kiganjani kama yai la kanga.

Ubavuni mwa shina pamepigwa jina la chapa na maneno ya Kiingereza yasemayo kwamba kimetengenezwa Tanganyika. Maneno hayo peke yake ni kalenda. Nchi yetu iliacha kuitwa hivyo mwaka 1964, kwa hiyo yaelekea kilitoka kiwandani kabla ya hapo, au muda mfupi baadaye wakati mihuri ya zamani ilikuwa haijabadilishwa. Nimesema kiko changu. Neno hilo hunikwama kooni, na sababu yake ndiyo inayofuata.

Lakini kwanza niseme kidogo jinsi viko vinavyosafishwa, kwa kuwa asiyejua hatauelewa ubaya wa nilichokitenda. Ughaibuni viko vikuukuu huitwa viko vya mirathi, na wako watu wanaopata riziki yao kwa kuvinunua minadani, kuvirudishia sura na kuviuza tena. Wameandika mengi. Sehemu kubwa ya maandishi yao inahusu viko vya braia, mbao inayotokana na uvimbe wa mzizi wa kichaka kimeacho kandokando ya Mediterania, ambayo mafundi wa Saint-Claude, Ufaransa, ndio walioipa umaarufu katika karne ya 19. Kiko cha braia hujijengea ndani ya bori ukoko wa masizi, na ukoko huo unatakiwa uwepo, unene wa sarafu hivi, ili mbao isiungue, ukizidi hukwanguliwa. Harufu ya mvutaji wa kwanza huondolewa kwa kujaza bori chumvi na kuilowesha kwa spiriti usiku mzima. Asubuhi chumvi imegeuka kahawia kama sukari guru. Mdomo wa eboniti, ambao kwa jua na miaka hugeuka rangi ya kijani kibichi kilichooza, husuguliwa kwa msasa laini uliolowa maji, kisha kwa dawa ya meno, kisha kwa kitambaa. Mbao hupakwa nta ya nyuki. Sifa kuu wanayoitoa kwa kazi iliyofanikiwa ni kwamba kiko kimekuwa kama kipya.

Nilipoanza niliipokea sifa hiyo bila kuihoji. Kwa viko vya gulioni ilinifaa sana. Kile cha kwenye koti la Ulaya kilikuwa kimetobolewa vibaya tangu mwanzo, tundu la moshi liko juu mno ya sakafu ya bori, chapa yake imefutika, na mwenyewe simjui wala hatanijia. Nilikisugua nilivyotaka. Nani angelalamika?

Mwaka 2011 alinijia mjane wa karani mmoja wa ushirika wa kahawa. Mumewe nilimfahamu vizuri: mtu mrefu, maneno yake ya kuhesabu, ambaye jioni aliketi mlangoni kwake na kiko mdomoni, nasi watembeao njiani tulijua yupo kabla hatujamwona. Katika miaka ya 1960 alitumwa Moshi kwa mambo ya kahawa, akarudi na kiko hicho, na nadhani hakuvuta kingine mpaka alipofariki.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mwalimu. Nasikia siku hizi wewe ni daktari wa viko."

Alifungua pindo la kanga, akakitoa. Mdomo ulikuwa umelegea, ukiinamisha kiko unaanguka. Alichoniomba ni kitu kimoja: niukaze ili usije ukapotea. Nasema kwa mkazo, na ningekuwa bado natumia wino mwekundu ningepiga mstari chini yake: aliniomba nikaze mdomo. Kazi hiyo ni ya robo saa. Unaupasha moto kidogo mkia wa mdomo unaoingia katika shina, unauchomeka ncha ya kitu laini kinachouzidi tundu lake kidogo, unatanuka, unaacha upoe.

Nilikaa nacho wiki tatu.

Nilikwangua bori, kana kwamba ni braia, wakati jiwe halihitaji ukoko hata kidogo. Ukoko wake hufutwa kwa kitambaa kila baada ya kuvuta, na karani yule, inaonekana, alikuwa akiufuta, kwa sababu ulikuwa mwembamba kama karatasi. Nilijaza chumvi na spiriti ya dukani. Hapo ndipo sentensi zile mbili zinaponisubiri: jiwe lililowa, likalainika, na kisu changu cha asubuhi hakikukwangua masizi tu, kiliondoka na jiwe lenyewe, kikaacha michirizi ambayo mpaka leo naihisi kwa kidole. Ukingo wa bori ulikuwa umeungua upande mmoja, upande ule ambao mkono wake ulizoea kuleta kiberiti kwa zaidi ya miaka arobaini. Nilipiga msasa hadi pande zote zikafanana. Kisha nikauendea mdomo. Ulikuwa na alama mbili za meno, juu na chini, upande wa kushoto, zimechimbika kama alama za mtu aliyelala kwenye mkeka. Eboniti ina tabia moja ya ajabu: ukiipitisha juu ya moto mdogo, mahali palipobonyea huinuka penyewe na kurudi palipokuwa siku ya kwanza. Inakumbuka kiwanda. Niliipitisha juu ya koroboi, nikaziona alama za meno zikipanda taratibu na kupotea, nami nilifurahi kama mtoto. Nilimwita hata jirani aje aone.

Mama yule alipokuja kukichukua, nilikitoa ndani ya kitambaa cheupe. Kiling'aa. Nilitazamia macho yake yafunguke. Hakukitazama kabisa. Alikipeleka puani.

Akanusa, akakigeuza, akanusa tena ndani ya bori. Halafu kidole gumba chake kikaanza kutembea juu ya mdomo wa kiko, kikienda na kurudi, kama mtu atafutaye tundu la kufuli gizani.

"Wapi alipouma?"

Nilimweleza kuhusu eboniti na moto. Nilieleza vizuri, maana kueleza ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama walivyozoea wazazi kumsikiliza mwalimu mkuu siku ya kikao. Kisha akakiweka mezani.

"Mwalimu, hiki ni kizuri. Lakini sikijui. Kaa nacho."

Ndiyo sababu kiko kile kiko kwenye rafu yangu, na ndiyo sababu nashindwa kukiita changu.

Tangu hapo nimejiuliza mara nyingi ni wapi hasa uhakiki wangu ulipokosea, nami sitaki kujipa jibu rahisi kwamba ningeacha kila kitu kilivyokuwa. Masizi yanayoziba tundu la moshi si kumbukumbu ya mtu, ni kizuizi. Kiko kilichoziba si kiko tena. Bibi yangu alilijua hilo, akalitupa bori lake motoni bila kusikitika. Lakini tazama alichokitupa motoni na alichokihifadhi. Bori lilikuwa la moto, likarudi motoni. Mrija uliokuwa ukigusa midomo yake hakuuchoma kamwe, na hakuna aliyemfundisha fani wala maudhui. Mimi, mwenye vyeti, nilifanya kinyume chake kabisa: nilitumia nguvu zangu nyingi pale pasipokuwa na kasoro yoyote. Alama za meno hazikuziba kitu. Ukingo ulioungua haukuzuia moshi. Vile nilivyoviita uchafu havikuwa vinakisumbua kiko, vilikuwa vinanisumbua mimi.

Nao wenzetu wa ughaibuni, kwa ujuzi wao wote ambao naustahi, hawawezi kunisaidia hapa, kwa kuwa wanauza. Mnunuzi hataki kuweka kinywani meno ya marehemu asiyemjua, na ana haki. Kwa muuzaji, aliyekuwa na kiko kabla yako ni kikwazo cha bei. Hivyo uhakiki wao umejengwa juu ya mtu ambaye hajafika bado, mnunuzi, na yule aliyekwisha kuondoka hana wakili. Kosa langu lilikuwa kuchukua kanuni ya dukani na kuipeleka nyumbani kwa mjane.

Nakumbuka insha za wanafunzi. Mwaka mmoja nilikuwa na kijana wa visiwani aliyeandika kuhusu kuvua dagaa usiku, sentensi zake zikiyumba kama mtumbwi, na nilimsahihisha mpaka karatasi ikawa nyekundu tupu. Aliandika upya. Nakala ya pili haikuwa na kosa hata moja, nikampa alama za juu na kuisoma mbele ya darasa. Sikumbuki neno hata moja la nakala hiyo ya pili. Ya kwanza naikumbuka mpaka harufu ya karabai.

Lipo jambo jingine ambalo mhakiki mwaminifu hawezi kulikwepa, nalo ni maudhui. Maudhui ya kiko ni tumbaku, na tumbaku inaua. Sihitaji sheria kunikumbusha, ingawa tunayo tangu mwaka 2003, na Tanzania imeridhia mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku tangu mwaka 2007. Karani yule alikufa kwa kifua. Miezi yake ya mwisho alilala akiwa ameketi, kwa sababu akilala chali pumzi ilikataa, na mkewe ndiye aliyemwekea mito mgongoni na kufua vitambaa alivyokoholea. Kwa hiyo harufu aliyokuja kuitafuta ndani ya bori lile ilikuwa harufu ya kitu kilichomuua mumewe, na yeye alilijua hilo kuliko mimi na daktari wangu. Bado aliitafuta. Wakati fulani niliwaza kwamba labda nimemfanyia wema kwa kuiondoa. Wazo hilo halikudumu hata nusu siku. Ni nani aliyeniweka kuwa msahihishaji wa huzuni yake?

Viko vingine vinaendelea kuja. Miaka michache baadaye kijana mmoja aliniletea cha babu yake, cha braia, kimeziba. Nilitumia unyoya wa kuku, maji ya uvuguvugu kidogo kwenye mdomo peke yake, na uvumilivu. Moshi ulipopita nikamrudishia. Alikitazama akaniuliza kama sikuwa na muda. Nilimwambia nilikuwa nao mwingi.

Nirudi kwa yule mama, kwa kuwa habari yake haikuishia pale mezani. Mwaka 2013, siku ya gulio, alikuja tena na kijifuko cha plastiki. Nilidhani amekuja kukichukua kiko, nikasimama kwenda kukitoa.

"Kitoe," akasema, "lakini sikichukui." Ndani ya kijifuko mlikuwa na tumbaku ya msokoto, ile ya kulimwa huku huku, inayouzwa gulioni imeviringwa kama kamba. "Nataka ukiwashe."

"Mama, mimi niliacha. Sasa ni miaka ishirini."

"Najua. Ningewasha mwenyewe, ila sijui. Alikuwa hapendi nikiguse."

Mke wangu alikuwa mlangoni. Alimtazama mama yule, akanitazama mimi, akarudi jikoni bila kusema kitu, na baada ya muda akaleta kiberiti.

Niliikata tumbaku kwa kisu kile kile. Nilijaza bori taratibu kama nilivyofunzwa ujanani, chini kwa mkono wa mtoto, katikati kwa mkono wa mwanamke, juu kwa mkono wa mwanamume. Njiti ya kwanza ilizimwa na upepo wa ziwani. Ya pili ikashika. Kifua changu kilikataa, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka. Kisha kikakubali, na kukubali kwake kulinitisha zaidi ya kukohoa. Jiwe lilifanya kazi yake, michirizi na yote. Moshi ulikuwa mkavu.

Mama alikuwa ameketi kwenye benchi upande wa chini wa upepo, kanga ameivuta mabegani, macho amefumba. Nilivuta, nikatoa, nikavuta. Watu waliokuwa wakitoka gulioni walipunguza mwendo, maana walinijua.

"Siyo," akasema hatimaye. "Yake ilikuwa ya kopo. Hii siyo."

Nikakiondoa mdomoni, nikatafuta mahali pa kukung'utia majivu.

"Usizime, Mwalimu," akasema, macho bado amefumba. "Malizia hiyo iliyomo."